Jicho Jeupe Katika Foto

Kamata telefone yako, ao fungua sanduku la foto za zamani, utafute foto za watoto zilizopigwa usiku kwa flashi. Angalia macho yao. Mara nyingi utakuta nukta mbili nyekundu katikati ya macho, na utasema foto hii imeharibika. Hapana, haikuharibika. Nyekundu ile ni habari njema. Rangi ya kuhangaisha ni nyeupe.

Mimi jambo hili nimelijua kwa kuchelewa. Ninaliandika leo juu wazazi wengine wa Kolwezi, wa Fungurume na wa vijiji vya pembeni wasichelewe sawa mimi.

FOTO YA SIKU YA KUBARIKIWA

Ilikuwa mwaka 2016, siku chache mbele ya Noeli. Mama mmoja wa kanisa letu alileta mtoto wake abarikiwe, mtoto mwanamume wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Baba yake ni mchimbaji wa mikono, mmoja wa wale wanaoshuka mashimoni kwa kamba. Kisha ibada mpiga foto wa kartiye aliwapanga mbele ya ukuta, akapiga. Mdogo wa mama naye alipiga kwa telefone yake. Jioni mama akaja kwangu na telefone ile.

“Pasta, angalia hii jicho. Moja iko nyekundu, moja iko nyeupe. Na mangaribi, kama taa inamupiga, inawakaka sawa ya paka.”

Niliangalia. Katika jicho la kuume palikuwa nukta nyeupe sawa yai lililochemshwa. Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo yananiuma: “Mama, flashi ni flashi. Usiogope. Tutaomba, tutaona.”

Mpiga foto naye alitaka kupendeza watu. Katika kompyuta yake alipaka ile nukta nyeupe rangi nyeusi, akachapa foto safi, na mama akaitundika ukutani. Alama ambayo ingeweza kuokoa mtoto ilifutwa kwa sababu ilionekana mbaya.

Miezi ikapita. Jicho likaanza kwenda pembeni. Kituo kimoja cha afya kikatoa dawa ya kudondosha. Jirani mmoja akasema ni kazi ya walozi, mwingine akamwonyesha mama njia ya kwa mufumu. Mwezi wa 8 wa mwaka 2017 jicho lilikuwa limevimba na kusukumwa nje. Familia ikauza mabati na televizyo, tukapanda basi mpaka Lubumbashi. Kule munganga wa macho alipima, akatuonyesha picha: ugonjwa ulikwisha kutoka ndani ya jicho na kufuata ule mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Nilimzika mtoto yule mbele ya mwaka kwisha. Niliongoza ibada ya maziko kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa nikihesabu miezi: kutoka Noeli mpaka mwezi wa 8, miezi minane.

UGONJWA GANI HUU?

Jina lake ni retinoblastoma. Ni kansere inayoanza katika retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwangaza. Ni ugonjwa wa watoto wadogo: karibu wote wanaupata mbele ya kufikisha miaka 5. Katika watoto 15.000 mpaka 20.000 wanaozaliwa, mmoja huupata. Utasema ni haba. Lakini hesabu watoto wanaozaliwa kila mwaka katika jimbo letu la Lualaba na katika inchi yetu nzima, utaona si mmoja tu.

Mara nyingi ugonjwa unashika jicho moja. Katika watoto watatu, mmoja hivi anashikwa macho yote mawili. Mwanzoni hauumi. Mtoto anacheza, anakula, anacheka. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema “mama, jicho hili halioni,” kwa maana hajui kama watu wanaonaka kwa macho mawili. Kwa hiyo mzazi ndiye atakayemsemea.

Watu wananiuliza: Pasta, unatoka wapi? Ni mavumbi ya migodi? Ni kobalti? Ni kile mama alichokula wakati wa mimba? Ni mulozi? Wenye elimu walikwisha kupata chanzo. Katika kila chembe ya mwili kuna sehemu ndogo inayoitwa jeni RB1, nayo inafanya kazi ya breki: inazuia chembe zisizidi kuzaliana ovyo. Tuna RB1 mbili, moja ya baba na moja ya mama. Zote mbili zikiharibika katika chembe moja ya retina, gari linatelemka bila breki. Ugonjwa huu unapatikana duniani kote kwa kiasi kinachokaribiana, hata mahali pasipo na shimo moja la kuchimba. Basi mama asishitakiwe, na nkambo asiitwe mulozi.

Ila jambo moja mlishike. Kuna watoto wanaozaliwa na RB1 moja iliyokwisha kuharibika, na hao wakikua wanaweza kuirithisha: kila mtoto wao ana nusu ya bahati kuipata. Kwa hiyo mtoto mmoja akikutwa na ugonjwa huu, ndugu zake wadogo nao wapelekwe kupimwa, hata kama macho yao yanaonekana mazuri.

SABABU GANI NYEKUNDU, SABABU GANI NYEUPE

Katikati ya jicho kuna tundu, nalo ni mboni. Usiku tundu lile linapanuka. Flashi ikiwaka ghafula, mwangaza unaingia kabla mboni haijajifunga, unapiga retina nyuma na kurudi. Retina ina mishipa mingi ya damu, ndiyo maana mwangaza unarudi na rangi nyekundu. Kwa sisi watu weusi mara nyingine inakuwa kama chungwa ao nyekundu nzito. Hakuna shida, bora macho yote mawili yafanane.

Kansere ikiota pale nyuma, mwangaza haufiki kwenye damu. Unapiga lile donge jeupe na kurudi mweupe. Hivi telefone ya mdogo wa yule mama ilikuwa imefanya kazi ya munganga, na mimi sikuisikia. Katika betri ya telefone nyingi kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa inchi yetu. Chombo tunakishika kila siku, na jiwe lake ni letu. Tujifunze kukisoma.

Huko Marekani kuna mwalimu wa kemia, Bryan Shaw, wa chuo kikuu cha Baylor katika jimbo la Texas. Mwana wake alikutwa na ugonjwa huu mwaka 2008, akiwa mtoto wa miezi michache. Kisha baba alirudia foto za nyumbani moja moja, akaona weupe ulianza kuonekana mtoto akiwa na siku 12 tu. Huzuni yake ikamfanya atafute njia ya kusaidia wengine. Pamoja na wenzake walitengeneza programu ya telefone inayopekua foto na kutafuta jicho jeupe. Mwaka 2019 walitangaza matokeo: walipekua foto karibu 53.000 za watoto 40, nusu wakiwa wagonjwa wa macho na nusu wazima. Katika wagonjwa 20, programu iliona weupe kwa 16, na kwa wastani foto zile zilipigwa zaidi ya mwaka mmoja mbele ya munganga kutambua ugonjwa.

Usinielewe vibaya. Si kila weupe ni kansere. Pengine ni mtoto wa jicho, na watoto wachanga nao wanaupata. Pengine ni ugonjwa mwingine wa retina. Na pengine ni mwangaza tu uliopiga pembeni, mahali mshipa wa jicho unapoingilia. Lakini wewe na mimi hatuwezi kutofautisha kwa kuangalia foto, na katika sababu hizo nyingi zinataka munganga haraka. Foto haisemi “ni kansere.” Inasema “nenda.”

MASHINE ZINAONA NINI

Kwa kansere nyingine, munganga anakata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka laboratware. Kwa retinoblastoma hafanyi hivyo, kwa sababu kutoboa jicho ni kuifungulia kansere mlango wa kutoka. Kwa hiyo lazima aitambue kwa kuona na kwa picha. Ndiyo maana picha zina uzito mkubwa hapa.

Kwanza anaangalia ndani kwa mwangaza na kioo. Chombo cha kwanza cha kuangalia retina kilitengenezwa na Hermann von Helmholtz huko Ujerumani mwaka 1851, na mpaka leo kazi inaanzia pale. Wanadondosha dawa ya kupanua mboni. Kwa kuwa mtoto mdogo hatulii, mara nyingi wanampa dawa ya usingizi juu waone retina yote, pembe kwa pembe.

Kisha ekografi. Wamama mnaijua, ni ile ya mimba. Wanapaka mafuta juu ya kope lililofungwa, wanaweka kichwa cha mashine, na sauti isiyosikika inaingia na kurudi. Baba zetu waliofanya kazi chini ya udongo huko Kamoto watafahamu upesi. Mbele ya kuingia mahali, mfanyakazi anagonga dari la jiwe kwa chuma na kusikiliza: jiwe zima lina sauti yake, jiwe lililoachana lina yake. Ekografi inagonga jicho kwa namna hiyo, lakini bila kuumiza. Mara nyingi ndani ya donge la retinoblastoma kuna vipande vya chokaa, navyo vinarudisha sauti kwa nguvu na kuacha kivuli nyuma yao. Munganga akiona donge lenye chokaa katika jicho la mtoto mdogo, anajua anapigana na nani.

Iko pia skana, inayotumia mionzi ya radio kutoka pande zote. Inaonyesha chokaa vizuri. Lakini watoto waliozaliwa na RB1 mbovu hawatakiwi kupigwa mionzi bila lazima, kwa sababu mwili wao unaweza kupata kansere nyingine baadaye. Kwa hiyo mahali palipo na IRM, wanganga wanaipenda zaidi. Hiyo inatumia sumaku kubwa, haina mionzi, na inaonyesha vizuri mshipa wa jicho na ubongo. Ni mashine ya bei kali na haipatikani kila mahali. Ulizo inalojibu ni hili: donge lingali ndani ya jicho, ao limekwisha kutoka?

Ulizo hilo ndilo la uzima na kifo. Mwaka 2020 wanganga wa dunia nzima walitangaza hesabu ya watoto 4.351 wa inchi 153, waliotambuliwa mwaka 2017. Katika inchi tajiri mtoto alitambuliwa akiwa na miezi 14 hivi. Katika inchi za umaskini mkubwa, na yetu inahesabiwa humo, alikuwa na miezi 30 na nusu. Katika inchi tajiri, watoto ambao kansere ilikwisha kusambaa mwilini hawakufika hata 1 kwa 100. Katika inchi maskini walikuwa karibu 19 kwa 100. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni miezi. Ukikamatwa ungali ndani ya jicho, na matunzo yakipatikana, karibu watoto wote wanapona.

“MUTAMUTOSHA JICHO?”

Mwaka 2021 familia nyingine ya kwetu ilikuja na telefone. Mtoto mwanamke, miezi 11. Jicho la kushoto jeupe katika foto mbili. Mara hii sikusema “tutaona.” Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya munganga, na mbele ya juma kwisha walikuwa katika njia ya Likasi kuelekea Lubumbashi. Ekografi ikaonyesha donge lenye chokaa. Picha ya pili ikaonyesha mshipa mzima. Munganga akasema: jicho hili haliwezi kuona tena, tulitoshe sasa, mtoto ataishi.

Baba akasimama. “Mutamutosha jicho? Mutoto mwanamuke? Nani atamuoa? Twende kwetu.” Akafunga mizigo. Alinipigia telefone kwa hasira, nami nikakosa la kumjibu. Nikampelekea maneno nkambo wa mtoto, mzee aliyemaliza kazi Gécamines baada ya miaka mingi ya chini ya udongo. Mzee hakuhubiri. Alimwambia mwana wake:

“Mu shimo, kama dari inaanza kulia, tunatoshaka bantu. Hatungojeke vyombo. Vyombo vinabakia mule, bantu banarudia ku nyumba. Sasa weye unataka kuokoa nini, chombo ao muntu?”

Baba akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Basi, batoshe.”

Jicho lilitoshwa. Laboratware ilipima jicho lile ikakuta mshipa ulikuwa safi. Baadaye alivalishwa jicho la kutengenezwa, na mtu asiyeambiwa hawezi kujua. Leo anasoma, anabishana na ndugu zake, anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote katika kwaya ya watoto. Kila akirudi kupimwa, munganga anaangalia lile jicho lililobaki.

Si kila mtoto anatoshwa jicho. Donge likiwa dogo, wanaweza kulichoma kwa leza ao kuligandisha kwa baridi kali, ao kulipunguza kwa dawa kali za kansere zenye kupitia mshipa wa damu. Lakini ili njia hizo zitumike, lazima kufika mapema zaidi.

MAJIRANI WETU WAMEFANYA NINI

Huko Uganda, katika mji wa Mbarara, iko hospitali ya Ruharo ya Kanisa la Uganda. Munganga wa macho Keith Waddell, Mwingereza, alitumika kule miaka mingi na watoto wa ugonjwa huu. Mwaka 2009 walianza kutoa dawa za kansere pamoja na upasuaji, na watoto waliopona wakaongezeka kuliko mbele. Kenya wameweka habari ya jicho jeupe katika kile kitabu cha afya ya mama na mtoto, ili aulizwe kila mzazi anayeleta mtoto kliniki. Katika inchi zinazosema Kifaransa, kazi ya kutambua ugonjwa huu mapema ilianzishwa Bamako mwaka 2011, ikafikishwa miji mingine, hata Kinshasa yetu. Hakuna aliyeanza na mashine kubwa. Walianza kwa kufundisha watu wa kawaida kuangalia jicho.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Piga mtoto foto kwa flashi mahali penye giza kidogo, mara moja kila mwezi mpaka afikishe miaka 5. Kama telefone ina namna ya kuondoa macho mekundu, uifunge kwanza, kwa sababu inaficha alama.

2. Linganisha macho mawili. Moja likiwa jeupe, ao la manjano, ao likikosa kufanana na lingine, usifute foto na usikubali mtu aipake rangi. Foto ile ni barua ya kupelekea munganga.

3. Angalia pia jicho lililoanza kwenda pembeni, jicho jekundu lisilopona kwa dawa, na jicho linalovimba. Hilo la mwisho ni alama ya kuchelewa, lakini hata hapo usikae nyumbani.

4. Nenda juma lile lile. Hapa Kolwezi anzia hospitali ya Mwangeji ao hospitali kubwa iliyo karibu nawe, uonyeshe foto, uombe barua ya kwenda kwa munganga wa macho. Huko Lubumbashi uliza Cliniques Universitaires. Ukipewa dawa ya kudondosha bila mtu kuangalia ndani ya jicho, omba tena barua, kwa heshima lakini bila kuchoka.

5. Usiingie njiani peke yako. Falanga za safari na za vipimo ni nyingi kwa mchimbaji mmoja. Wamama wa kikundi, vijana, kwaya, wote waijue shida mapema, maana mchango wa juma la kwanza unaokoa zaidi kuliko mchango wa matanga.

6. Tuendelee kuombea wagonjwa. Lakini mchungaji, mzee wa kanisa, na wewe kijana unayeongoza maombi ya usiku, msimwambie mzazi angoje. Ombeni naye katika basi.

Ile foto ya mwaka 2016 iko katika biro yangu. Si ile iliyopakwa rangi. Ni ile ya telefone, mama mwenyewe aliichapisha kisha maziko na kuniletea. Hakunigombeza. Alisema tu: “Pasta, bamama bengine baione.” Kila siku ya kubariki watoto ninaitosha, ninaipitisha mkono kwa mkono, na yeye mwenyewe anasimama mbele na kueleza. Mtoto wa mwaka 2021 alitambuliwa na mama aliyeketi katika benchi la tatu siku moja ya namna hiyo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

– Katika foto zetu za nyumbani, tumeangalia macho ya watoto wote wenye chini ya miaka 5?
– Kama munganga angesema jicho la mtoto wetu litoshwe, nani katika jamaa angekataa, na tungemwambia nini?
– Kikundi chetu kina sanduku la msaada kwa safari ya mgonjwa, ao tunachangaka kwa matanga tu?